Ukikutana na "by", tazama kinachofuata

Mkataba wa kupanga nyumba ukiandikwa kwa Kiingereza, hukosi kukuta sentensi ya namna hii: "The rent shall be paid by the tenant by the fifth day of each month by bank transfer." Neno "by" limetokea mara tatu katika sentensi moja, na kila mara lina kazi yake. La kwanza linamtaja mlipaji: kodi italipwa na mpangaji. La pili linaweka mwisho wa muda: tarehe 5 isipite. La tatu linaeleza njia: kwa kuhamisha fedha benki. Ukifunua ukurasa wa pili utakuta mwenye nyumba ameruhusiwa kupandisha kodi "by 10 per cent", na hiyo ni kazi ya nne.

Wengi wetu tulikutana na neno hili darasani, siku ya kauli ya kutendwa. Mwalimu aliandika ubaoni "The rat was killed by the cat", akasema "by" ni "na", tukanakili. Mtihani tulifaulu. Shida huja ukubwani, pale barua ya ajira, fomu ya uhamiaji au tangazo la zabuni linapokuja na "by" isiyohusiana kabisa na paka wala panya.

Kukariri maana zote hakusaidii. Kamusi kubwa za Kiingereza zinalipa neno hili maana nyingi mno, na hakuna anayetembea nazo kichwani. Kinachosaidia ni kutazama neno linalokuja baada yake. Akifuata mtu, uliza nani ametenda. Ikifuata saa au tarehe, huo ni ukomo. Ikifuata namba, kuna tofauti au kipimo. Kikifuata chombo au njia, ni "kwa". Pakifuata mahali, ni kando. Yapo yanayoponyoka kwenye kanuni hii, lakini si mengi.

Mtu ndiye mwepesi, tuanze naye. "Written by", "signed by", "approved by": zote ni "na". Chini ya hati ya kupokelea mzigo huwa kuna mistari kadhaa, na mmojawapo umeandikwa "Received by". Ukitia sahihi hapo umesema kwamba mzigo umeupokea wewe, tena kamili, kwa hiyo hesabu katoni kabla ya kushika kalamu. "Checked by" ni aliyekagua. Mtu mmoja akijaza mistari yote miwili, ukaguzi haukufanyika, hata kama karani anakuharakisha.

Hapa Kiswahili kimekupa msaada ambao wengi hawautumii. Tunasema "Alipigwa na Juma kwa fimbo." "Na" ya mtendaji, "kwa" ya kifaa. Kiingereza nacho kinatenganisha vivyo hivyo: "He was beaten by Juma with a stick." Mtendaji huchukua "by", kifaa huchukua "with". Anayeandika katika taarifa ya polisi kwamba mtu alipigwa "by a stick" ameigeuza fimbo kuwa mshtakiwa.

Mahali ambapo Kiswahili hakisaidii ni kwenye "-a" ya kumiliki. "Picha ya Juma" inaweza kuwa picha aliyoipiga Juma, picha inayomwonyesha Juma, au picha ambayo ni mali yake. Sisi tunaelewana kwa muktadha. Kiingereza kinataka uchague: "a photo by Juma" ni aliyoipiga, "a photo of Juma" ni yenye sura yake. Ndivyo ilivyo kwa vitabu pia. "A book by Abdulrazak Gurnah" ni alichokiandika yeye. Ukiandika "a book of Gurnah" msomaji atashangaa kidogo kisha atakusamehe, lakini katika barua ya maombi ya kazi usitegemee msamaha wa aina hiyo.

Gurnah huyo, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, ana riwaya ya mwaka 2001 inayoitwa By the Sea. Kwa hiyo ukiitaja pamoja na mwandishi wake unapata "by" mbili zilizofuatana: By the Sea, by Abdulrazak Gurnah. Ya pili ni ya mwandishi. Ya kwanza ni "kando ya", na hiyo ndiyo maana kongwe ya neno hili, iliyobaki pia ndani ya "bystander", yaani mtu aliyesimama kando tukio likitokea. Sasa ondoa "the" uone. "By the sea" ni kando ya bahari. "By sea" ni kwa njia ya bahari, kwa meli. "The cement is coming by road" inamaanisha saruji inasafirishwa kwa barabara. "The cement is by the road" inamaanisha mifuko ipo kando ya barabara, na kama mawingu yametanda, ni vizuri uende mbio.

Neno dogo kama "the" au "my" ndilo linaloamua pia kwenye vyombo vya usafiri. "I will come by car" ni sahihi. "I will come by my car" si sahihi. Gari likishapewa mwenyewe, sema "in my car". "By bus" sawa, lakini basi mahususi, lile la saa mbili asubuhi, ni "on the eight o'clock bus". Na anayesema "I am waiting by the bus" hajapanda bado, amesimama pembeni yake. Kwa miguu ni "on foot". Ukilipa kwa hundi ni "by cheque", ukilipa kwa simu ni "by mobile money", lakini taslimu ni "in cash". "By cash" utaisikia kila kaunta kuanzia Mombasa hadi Mbeya na utaeleweka, ila kwenye maandishi rasmi iache.

Tumrudie mtu kidogo, kwa sababu kuna matumizi yanayojitokeza kwenye mirathi. "He had three children by his first wife." Anayetafsiri neno kwa neno bila kufikiri anaishia na sentensi isiyoeleweka. Maana yake ni kwamba alizaa watoto watatu na mke wa kwanza. Kwenye shauri la mirathi sentensi hiyo hutenganisha matumbo, na matumbo yakishatenganishwa vibaya kwenye hati, mgawo nao hufuata makosa hayo.

Tuje kwenye wakati, ambako ndiko watu wanakoumia.

Kiswahili kinatumia "mpaka" na "hadi" kwa mambo mawili tofauti. Tunasema "Nitakaa mpaka Ijumaa", yaani kukaa kunaendelea na Ijumaa kunakoma. Tunasema pia "Mpaka Ijumaa niwe nimeipata ripoti", yaani siku yoyote kabla ya hapo ni sawa, ilimradi Ijumaa isipite. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. La kuendelea ni "until". La ukomo ni "by". Kwa hiyo bosi akitaka kusema "Nipe ripoti mpaka Ijumaa" na akaandika "Give me the report until Friday", ameomba kitu cha ajabu: apewe ripoti, akae nayo, Ijumaa airudishe.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, weka "kufikia" mahali pa "mpaka". Ikikubali, tumia "by". Ikikataa, ikitaka "kuendelea mpaka", tumia "until". "Niwe nimeipata kufikia Ijumaa" inakubali. "Nitakaa kufikia Ijumaa" inakataa.

Tofauti hii si ya mapambo. Tazama duka. "The shop will be closed until Friday": duka limefungwa sasa, Ijumaa linafunguliwa. "The shop will be closed by Friday": duka liko wazi sasa, ila Ijumaa haitafika kabla halijafungwa. Mteja wa sentensi ya kwanza asubiri. Mteja wa sentensi ya pili akimbie. Sentensi zikiwa za kukanusha mambo yanachanganya zaidi. "I will not finish until Friday" inaahidi kitu: Ijumaa nitamaliza. "I will not finish by Friday" haiahidi chochote: Ijumaa itafika na kazi bado ipo. Fundi akikuandikia moja ya hizo, isome mara mbili kabla ya kumlipa salio.

Je, Ijumaa yenyewe imo? Kwa matumizi ya kawaida imo. Mamlaka ya Mapato ya Kenya inawataka watu wawasilishe ritani za kodi ya mapato "by 30 June", na tarehe 30 Juni yenyewe ni siku halali. Ingeandikwa "before 30 June", kwa kufuata herufi, siku ya mwisho ingekuwa tarehe 29. Saa ndiyo haijulikani. Ijumaa ya ofisi inakwisha jioni watu wakifunga milango, Ijumaa ya tovuti inakwisha saa sita usiku. Kama wewe ndiye unayetoa muda, usimwachie msomaji kubahatisha: andika "no later than 4 p.m. on Friday 12 June". Nyaraka za zabuni hupenda "on or before", nayo ni nzuri kwa sababu inaitaja siku yenyewe na zilizotangulia. Na ukitafsiri saa, kumbuka kwamba "by 4 p.m." ni kabla saa kumi jioni haijapita, yupo atakayeona 4 akasoma saa nne, akachelewa au akawahi kupita kiasi.

Magazeti yetu hutafsiri "by 2030" kama "ifikapo 2030". Inakubalika, ila mimi napendelea "kufikia mwaka 2030". "Ifikapo" inamfanya msomaji adhani jambo litatokea mwaka huo huo, wakati "by" inaruhusu litokee mapema zaidi. Kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, mahali pengi utakuta "by 2030", na hakuna anayekatazwa kulifikia lengo kabla ya hapo.

Kisha kuna "by the time", ambayo "mpaka" yetu huiharibu kabisa. "Mpaka polisi wanafika, mwizi alikuwa ameshakimbia." Kiswahili safi hicho. Kwa Kiingereza si "Until the police arrived". Ni "By the time the police arrived, the thief had fled." Tukio la kwanza kutokea ndilo linalobeba "had". Kwa wakati ujao: "By the time you arrive, we will have left." Baada ya "by the time" usiweke "will", "by the time you will arrive" ni kosa linalosikika sana, hata kwenye hotuba za watu wazito.

Kwenye vyakula kuna jozi ya kuzingatia. Uingereza, "use by" kwenye pakiti inahusu usalama: siku hiyo ikipita usile, hata kama nyama bado inanukia vizuri. "Best before" inahusu ubora: biskuti zitakuwa zimelainika, lakini hazitakudhuru kwa sababu ya tarehe peke yake. Ndugu waliohamia huko wakitupa kila kitu chenye tarehe iliyopita wanapoteza fedha. Wasiotupa chochote wanahatarisha matumbo. Na hospitalini, kibao chenye maandishi "nil by mouth" juu ya kitanda cha mgonjwa kina maana kwamba asipewe chochote kupitia mdomoni, chakula wala kinywaji. Shangazi aliyekuja na chupa ya uji aelezwe mapema, kwa sababu mara nyingi kibao hicho huwekwa mtu akisubiri upasuaji, na uji huo unaweza kuahirisha kila kitu.

Sasa namba. Hapa adui wa "by" ni "to". "By" inataja ukubwa wa mabadiliko, "to" inataja mahali mabadiliko yalipoishia. Kodi ya nyumba ya shilingi 400,000 ikipanda "by 10 per cent" inakuwa 440,000. Bei ya shilingi 100,000 ikipunguzwa "by 70 per cent" unalipa 30,000. Ikipunguzwa "to 70 per cent" unalipa 70,000. Kiswahili kina jozi iyo hiyo, "kwa asilimia 70" na "hadi asilimia 70", hivyo anayekosea Kiingereza hapa mara nyingi hakuisoma vizuri hata sentensi yake ya Kiswahili.

Asilimia ya asilimia ina mtego wa ziada. Aprili 2020 Kenya ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 2021 ikairudisha. Ile ya 2020 ilikuwa punguzo "by two percentage points", yaani pointi mbili za asilimia. Haikuwa "by two per cent". Asilimia mbili ya 16 ni 0.32 tu, na kodi ingebaki 15.68. Kwa hesabu ya uwiano, kushuka kutoka 16 hadi 14 ni kushuka kwa asilimia 12.5. Mwandishi wa habari za uchumi asiyetofautisha haya anaweza kuandika sentensi tatu kuhusu kodi ile ile zisizokubaliana.

"By" ya vipimo unaijua tayari hata kama hujui kwamba unaijua. Ni "kwa" ya kiwanja cha mita 20 kwa 20, na ya mbao ya mbili kwa nne. Kenya inatamkwa kwa Kiingereza moja kwa moja: ploti ya "fifty by hundred", futi 50 upande mmoja na futi 100 upande wa pili, na madalali huiita thumuni ya ekari. Piga hesabu. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ni futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Ploti hiyo imepungua kwa futi za mraba 445, au kwa Kiingereza "it falls short by 445 square feet". Si udanganyifu lazima, ni lugha ya sokoni, ila kwenye mkataba wa mauziano dai vipimo vyenyewe, usikubali jina la utani.

Kwenye hesabu za kawaida "multiply by" na "divide by" hazina shida, isipokuwa moja. "Divide 12 by a half" jibu lake ni 24. "Divide 12 in half" jibu lake ni 6. Wazazi mnaosaidia watoto kazi za nyumbani, mmeonywa.

Ujira nao una umbo lake. Anayelipwa kwa saa ni "paid by the hour", anayeuza kwa kilo "sells by the kilo", na hapo "the" haiachwi. Ukitaja kiwango chenyewe, "by" inaondoka: "2,000 shillings an hour". Vitu vinavyokwenda kimoja kimoja Kiingereza huviweka "by" katikati mahali sisi tunaporudia neno: "one by one" ni mmoja mmoja, "little by little" ni kidogo kidogo.

Fomu za uraia zina "by" inayostahili utulivu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inataja raia "by birth", "by descent" na "by naturalisation": wa kuzaliwa, wa kurithi, wa kuandikishwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina mbili, "by birth" na "by registration". Usidanganywe na neno kuzaliwa. Kwa Katiba hiyo ya Kenya, raia "by birth" ni yule ambaye siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Aliyezaliwa Nairobi na wazazi wote wageni asiweke alama hapo kwa sababu tu hospitali ilikuwa Nairobi.

Mengine ni ya kuzoea tu. Kwa bahati mbaya ni "by accident", kwa makosa ni "by mistake", lakini kwa makusudi ni "on purpose". Kumjua mtu kwa sura bila kumjua jina ni kumjua "by sight". Kukariri ni "by heart". "By himself" ina sura mbili, peke yake au bila msaada. "She built the house by herself" haisemi kama aliishi mpweke, inasema hakusaidiwa. "By copy of this letter", inayopendwa na maofisa utumishi, ni "kwa nakala ya barua hii", na inamaanisha kuna mtu mwingine anayesoma barua yako. Soma jina lake.

Na "by-laws", sheria ndogo za halmashauri? Wanaojua historia ya maneno ya Kiingereza wanaona hiyo huenda haitoki kwenye "by" hii, bali kwenye neno la Wavikingi lenye maana ya kijiji au mji, lile lile lililobaki mwishoni mwa majina ya miji ya Uingereza kama Whitby na Grimsby. Ilikuwa sheria ya mji, na halmashauri zetu bado zinaitumia hivyo. "By-election" ndiyo ya pembeni kweli: uchaguzi mdogo, nje ya ule mkuu.

Kwenye vitenzi, "stand by" ndiyo ya kuogopwa. "She stood by her husband" ni sifa: hakumwacha mumewe. "She stood by while he was beaten" ni lawama: alitazama tu akipigwa. Kinachotofautisha ni kama kuna mtu baada ya "by" au hakuna. "Come by" nayo ina uso mwingine ndani ya kituo cha polisi. "How did you come by this phone?" haihusu kupita wala kutembelea. Unaulizwa simu hii uliipataje, na jibu linatarajiwa liwe na risiti.

Ukiandika wewe mwenyewe, hakikisha "by" imekaa karibu na neno inalolihusu. Taarifa ya zamu ikisema "He was found sleeping by the watchman", haijulikani kama mlinzi ndiye aliyemkuta amelala, au alikutwa amelala kando ya mlinzi. Kama ni la kwanza, andika "The watchman found him asleep." Kama ni la pili, andika "He was found asleep next to the watchman." Mlinzi mwenyewe atataka ijulikane ni ipi, hasa kama naye alikuwa amelala.